Mtoto Kati ya Maua: Mwanga, Uso na Majira ya Maua Kyela

Katika nchi zilizo mbali kaskazini mwa ikweta, mwezi wa Machi na wa Aprili huwa ni wakati wa kuchipua. Baridi hupungua, ardhi hupata joto, na maua ya porini hujitokeza kwa wingi katika muda wa wiki chache tu. Wazazi huwachukua watoto wao wadogo, huwavika nguo safi, huwakalisha katikati ya maua hayo na kuwapiga picha. Katika jimbo la Texas, Marekani, desturi hiyo imeota mizizi kiasi kwamba ni nadra kukuta familia isiyo na picha ya mtoto aliyeketi kati ya maua ya buluu ya jamii ya lupini, yaotayo kandokando ya barabara.

Ufukoni mwa Ziwa Nyasa hakuna majira ya kuchipua kwa maana hiyo. Kyela iko kwenye latitudo ya nyuzi 9.5 hivi kusini ya ikweta, na uso wa ziwa uko mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Joto halipungui kiasi cha kuyazuia mimea kuota. Jambo linaloamuru maua yafunguke au yasifunguke ni mvua. Hata hivyo hamu ya wazazi ni ile ile. Sikukuu zinapofika, au jamaa wanapotoka Mbeya na Dar es Salaam kuja kuwasalimu wazee, mtoto huogeshwa, hupakwa mafuta, huvikwa nguo mpya na kupelekwa mahali palipochanua.

Malalamiko yanayofuata ni yale yale pia. Maua yametoka vizuri, kila petali inaonekana. Lakini uso wa mtoto umekuwa doa jeusi lisilo na macho wala tabasamu. Wengine husema kamera ni mbovu. Wengine, na hili ni baya zaidi, husema mtoto ni mweusi mno. Ukweli ni kwamba kasoro haiko katika ngozi ya mtoto hata kidogo. Iko katika hesabu ya mwanga, na hesabu hiyo inaweza kusahihishwa na mtu yeyote mwenye kamera ya filamu au simu ya mkononi.

MAUA HUFUATA MVUA

Mvua za Kyela huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kufikia kilele kati ya Machi na Mei. Kwa mwaka hupita milimita 2,000, kiasi kinachoifanya wilaya hii kuwa miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na ndiyo sababu ya mpunga, migomba, michikichi na mikakao kustawi pamoja katika uwanda mmoja.

Maua ya kwanza hutangulia mvua. Mti wa Erythrina abyssinica hutoa maua mekundu juu ya matawi yasiyo na majani mwishoni mwa kiangazi. Mvua za kwanza zinapolowesha udongo, mimea yenye vitunguu ardhini huamka kwa haraka: Scadoxus multiflorus huchomoza kichwa cha mviringo chenye maua madogo mekundu mengi, mfano wa mpira wa miba laini, mara nyingi kabla hata majani yake hayajakunjuka. Baadaye huja Gloriosa superba, mmea utambaao, ambao petali zake nyekundu na njano hupinda kuelekea juu kama ndimi za moto. Katika vinamasi hufunguka mayungiyungi. Mvua zinapokaribia kwisha, kingo za barabara hugeuka njano kwa Tithonia diversifolia, ile iitwayo na wengi alizeti pori. Mmea huu si wa asili ya hapa. Ulitoka Mexico na Amerika ya Kati, ukapandwa kama ua la bustani na kama uzio, kisha ukajitawalia wenyewe.

Lakini shamba kubwa la maua halipo ufukoni. Liko juu. Kutoka Matema mtu akitazama kaskazini na mashariki huona ukuta wa Milima ya Livingstone. Nyuma yake, kwa mstari ulionyooka umbali wa chini ya kilomita 60, upo uwanda wa Kitulo, ulioinuka hadi mita 2,600 hivi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Uwanda huo ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na sifa yake ya pekee ni kwamba ulihifadhiwa hasa kwa ajili ya mimea yake na si kwa ajili ya wanyama wakubwa. Zimehesabiwa humo spishi 350 hivi za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi zinazoota ardhini. Kati ya Desemba na Aprili majani mafupi ya uwanda huo hujaa rangi nyeupe, njano, waridi na zambarau. Familia inayoweza kupata gari na makoti ya watoto itaona huko jambo ambalo Kyela haiwezi kulionyesha. Nayo familia isiyoweza haikukosa maua, maana kinamasi kimoja chenye mayungiyungi kinatosha kwa picha mia.

KIPIMA MWANGA HAKIMJUI MTOTO

Ndani ya kila kamera ya kisasa, na ndani ya kila simu, kimo kifaa kinachopima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vilivyo mbele ya lenzi. Kifaa hicho hakijui kilichoko mbele yake. Kimetengenezwa kwa dhana moja tu: kwamba vitu vyote vikichanganywa pamoja hurudisha kiasi cha wastani cha mwanga, kiasi ambacho kwa desturi hukadiriwa kuwa asilimia 18. Rangi inayolingana na kiasi hicho ni ya kijivu cha kati. Kila kinachopimwa, kipima mwanga hujitahidi kukifanya kiwe kijivu cha kati.

Sasa na atazamwe mtoto wa Kinyakyusa aliyeketi mbele ya maua meupe. Petali nyeupe hurudisha sehemu kubwa sana ya mwanga unaoziangukia, tuseme asilimia 80. Ngozi nyeusi hurudisha kidogo, tuseme asilimia 8. Kati ya viwili hivyo pana tofauti ya mara kumi. Maua yakijaza sehemu kubwa ya picha, kipima mwanga huona weupe mwingi, hukata shauri kwamba mwanga umezidi, na hupunguza. Petali hushushwa kuelekea kijivu, na uso uliokuwa chini tangu mwanzo hushushwa zaidi, mpaka gizani. Mbingu nyeupe ya masika nyuma ya kichwa cha mtoto huleta matokeo hayo hayo, hata pasipo ua moja.

Wapiga picha huhesabu mwanga kwa hatua, na kila hatua ni sawa na kuuzidisha mara mbili au kuugawa kwa mbili. Tofauti ya mara kumi ni hatua tatu na zaidi kidogo. Filamu za slaidi za rangi zilizotumika sana katika miaka ya 1970 zilimudu tofauti ya hatua tano au sita tu kutoka kwenye giza lenye maana hadi kwenye weupe wenye maana. Kosa la hatua mbili lilitosha kuupoteza uso. Vipokea mwanga vya kamera za leo humudu hatua kumi na zaidi, kwa hiyo uso uliozama huweza kuokolewa kwa kiasi fulani baadaye; lakini uso uliookolewa hivyo huwa na chengachenga, na rangi yake haiwi ile ya mtoto.

Dawa ni kupima uso badala ya kupima maua. Hapa lakini ipo hatari ya pili, ambayo vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya haviitaji. Mpiga picha akikisogeza kipima mwanga karibu na uso mweusi na kukitii, kipima mwanga kitaufanya uso huo uwe kijivu cha kati. Yaani kitauonyesha mweupe kuliko ulivyo, kama uliopakwa majivu. Kutoka asilimia 8 hadi 18 ni hatua moja na kitu. Basi apime uso, kisha apunguze hatua moja. Mwenye simu atagusa uso wa mtoto kwenye kioo, kisha atateremsha alama ya jua inayojitokeza kandoni, kidogo tu, mpaka rangi ya shavu ifanane na shavu lenyewe. Njia nyingine ni ya zamani na haijawahi kushindwa na teknolojia: mpiga picha apime kiganja cha mkono wake mwenyewe, akikielekeza kwenye mwanga ule ule unaomwangukia mtoto. Viganja vya watu wa rangi zote havitofautiani sana. Hurudisha takribani hatua moja zaidi ya kijivu cha kati. Akiongeza hatua moja juu ya kipimo hicho, atakuwa ameupata mwanga halisi, awe mtoto ni mweusi, maji ya kunde, au zeruzeru.

CHOKOLETI NA KADI YA SHIRLEY

Kwa muda mrefu lawama haikuwa ya kipima mwanga peke yake. Filamu ya rangi yenyewe ilisawazishwa kwa kufuata ngozi nyeupe. Tangu miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha zilipelekewa na kampuni ya Kodak kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya mwanamke huyo itoke vizuri, na mwanga wa picha nyingine zote ukafuata kadi hiyo. Mwanamke wa kwanza aliitwa Shirley, na jina likabaki hata sura zilipobadilishwa. Katika picha za madarasa yenye watoto weupe na weusi walioketi bega kwa bega, nyuso za weusi zilipotea, na katika giza hilo yakabaki macho na meno tu.

Lorna Roth, mtaalamu wa mawasiliano wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, aliichunguza historia hiyo na kuichapisha mwaka 2009. Miongoni mwa mambo aliyoyapata ni hili: msukumo mkubwa wa kuiboresha filamu upande wa rangi za kahawia haukutoka kwa wazazi wa watoto weusi. Ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba picha za matangazo yao hazikutofautisha mbao za aina moja na nyingine, wala chokoleti nyeusi na ile yenye maziwa. Kyela ni wilaya inayoongoza nchini kwa kilimo cha kakao. Inawezekana kabisa kwamba kakao ya mkulima wa huku ilisikilizwa na wanakemia wa filamu kabla ya uso wa mwanawe.

Ng'ambo ya ziwa, nchini Msumbiji, mtengenezaji filamu wa Ufaransa Jean-Luc Godard alialikwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1970 kusaidia kuanzisha televisheni, na akakataa kutumia filamu ya Kodak kwa hoja kwamba ilikuwa na ubaguzi. Filamu zilizofuata katika miaka ya 1980 zilikuwa bora zaidi. Kwa upande wa kamera za simu, mwaka 2022 kampuni ya Google ilianza kutumia kipimo cha rangi kumi za ngozi kilichobuniwa na Ellis Monk, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ili programu zake zijaribiwe kwa nyuso za watu wote. Haya ni maendeleo ya kweli. Lakini simu nyingi zinazotumika vijijini ni za bei nafuu, na nyingine zina programu ya kurembesha iliyokwisha kuwashwa tangu kiwandani, ambayo hulainisha ngozi na kuifanya nyeupe pasipo kuombwa. Jambo la kwanza la kufanya ni kuizima.

JUA LA UTOSINI NA KIVULI CHA MLIMA

Kwa latitudo ya Kyela jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari, na tena katikati ya Oktoba. Msimu wa maua kwa hiyo huangukia katika miezi ambayo jua la mchana liko juu mno. Miali inayoshuka wima huangaza paji la uso na ncha ya pua, huku matundu ya macho yakibaki kama visima. Mtoto naye hukunja uso. Ikumbukwe pia kwamba saa za Tanzania hufuata meridiani ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Kyela iko karibu na nyuzi 34. Kwa sababu hiyo jua la Februari hufikia kilele chake huku si saa sita bali karibu na saa saba mchana. Anayeahirisha picha mpaka saa nane kwa kudhani jua limekwisha kuinama, hajasubiri vya kutosha.

Saa zinazofaa ni za asubuhi mpaka saa tatu, na za jioni kuanzia saa kumi na moja. Na hapa Matema imependelewa na jiografia. Mlima unaoinuka mita 1,500 juu ya ufuko katika umbali wa kilomita 5 huziba anga la mashariki hadi nyuzi 17 hivi. Jua katika sehemu hizi hupanda nyuzi 15 hivi kwa saa. Basi anayesimama chini ya mlima kama huo hupata zaidi ya saa nzima baada ya macheo ambayo mbingu imekwisha kujaa nuru, maua yamekwisha kufunguka, na jua lenyewe bado halijaonekana. Nuru hiyo hutoka pande zote za anga kwa pamoja. Haina kivuli kikali.

Kwa ngozi nyeusi faida yake ni kubwa zaidi. Umbo la uso mweusi halionyeshwi sana na tofauti ya mwanga na kivuli kama ilivyo kwa uso mweupe. Huonyeshwa na mng'ao, yaani anga lenyewe linavyojitazama juu ya shavu na paji la uso. Jua kali ni nukta ndogo, na mng'ao wake huwa nukta ndogo kali. Anga pana hutoa mng'ao mpana, mtulivu, unaofuata mviringo wa shavu. Mafuta ambayo mama humpaka mtoto baada ya kumwogesha huharibu picha ya saa saba mchana, na hayo hayo huipamba picha ya asubuhi.

Kivuli kina dosari moja: nuru ya anga tupu ni ya buluu kuliko ya jua, na majani ya kijani yaliyomzunguka mtoto humrudishia ukijani chini ya kidevu. Kamera nyingi zina alama ya kivuli inayosahihisha ubuluu. Ukijani hupunguzwa kwa kutandaza kitambaa cheupe mbele ya mtoto, nje kidogo ya picha. Shuka hufaa, hata mfuko mweupe wa unga uliopasuliwa na kukunjuliwa. Mchanga wa ufuko hufanya kazi hiyo bila gharama.

Jambo lingine huwashangaza wengi. Lipo gugu dogo liotalo katika mashamba ya Kyela, Ageratum conyzoides, lenye vichwa vya maua ya rangi kati ya buluu na zambarau. Katika filamu za rangi maua ya jamii hiyo yalitoka mara nyingi na rangi ya waridi, na fundi wa maabara alilaumiwa bure. Sababu ni kwamba petali hizo hurudisha pia mwanga mwekundu wa mbali, ulio kwenye ukingo wa uwezo wa jicho, ambao jicho halionyeshi ila filamu huupokea. Mafundi wa filamu waliliita tatizo hilo kwa jina la ua lenyewe, tatizo la ageratum. Kamera za leo zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huo, lakini si wote. Ua la buluu likitoka na rangi ngeni, shauri ni kulibadilisha ua, maana kurekebisha rangi ya picha nzima kwa ajili yake ni kuiharibu tena ngozi ya mtoto.

MTOTO MWENYEWE

Mtoto wa mwaka mmoja ana kimo cha sentimita 75 hivi. Mtu mzima aliyesimama humpiga picha utosi na mabega. Hivyo mpiga picha hana budi kupiga magoti, au kulala kifudifudi, mpaka lenzi iwe sawa na macho ya mtoto. Maua ya mbele, yaliyokuwa chini ya miguu, sasa huinuka na kuwa pazia. Asisogee mno. Simu iliyo sentimita 30 kutoka usoni huikuza pua na kuyafifisha masikio; mita moja na nusu ni umbali wenye heshima.

Mtoto wa miaka miwili anayekimbia mita 2 kwa sekunde husogea sentimita 3 katika muda wa sehemu ya sitini ya sekunde. Picha yake itakuwa ukungu. Katika sehemu ya mia tano ya sekunde husogea milimita 4, na picha yake itasomeka. Asubuhi yenye nuru hafifu haitoi kasi hiyo kwa urahisi, na ndiyo sababu mtoto mchanga asiyeweza kukimbia ni rahisi zaidi kupigwa picha saa hizo. Zaidi ya hayo, mtu mzima hupepesa macho mara 15 au 20 kwa dakika, na mtoto mchanga mara mbili au tatu tu. Picha za watoto wachanga waliofumba macho kwa kupepesa ni chache. Waliofumba kwa kulia au kwa jua ndio wengi.

Kumwita mtoto kwa sauti na kumwamuru acheke hakusaidii. Kati ya miezi tisa na kumi na miwili mtoto huanza kufuata macho ya mtu mwingine na kutazama anachokitazama. Mama au bibi akiketi karibu kabisa na lenzi na kulishangaa ua alilolishika, mtoto atamtazama yeye, kisha ua, kisha yeye tena. Picha bora hupatikana katika safari hiyo ya macho.

Mahali pa kumketisha pakaguliwe kwanza kwa fimbo. Gloriosa, kwa uzuri wake wote, ina sumu ya kolchisini katika kila sehemu, hasa kiazi chake, na mtoto wa umri huo hupeleka kila kitu kinywani. Upupu huchanua maua ya zambarau yanayovutia, na maganda yake yakikauka hutoa nywele zinazowasha vibaya. Mayungiyungi hupigwa picha kutoka nchi kavu au mtoto akiwa amepakatwa, kwa sababu maji yaliyotuama ni makao ya konokono wa kichocho, na midomo ya mito iingiayo ziwani ina mamba. Yakitokea mawingu ya kungu, wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kama moshi, heri kufunga kamera na kurudi nyumbani. Huingia machoni mwa mtoto kabla ya kuingia ndani ya lenzi.

NYAYO

Machi 2019, katika mji wa Lake Elsinore, California, vilima vilichanua maua ya rangi ya chungwa kuliko kawaida. Watu walifika kwa maelfu kwa siku moja, wengi wao wakiwa na watoto na simu. Waliketi ndani ya maua, wakalala juu yake, na njia mpya za udongo mtupu zikatokea ubavuni mwa vilima. Mji ulilazimika kufunga barabara.

Kitulo haijafikia hapo, na ubaridi na barabara yake ya matope huenda vikaikinga kwa muda. Lakini okidi zake tayari zina adui mwingine. Viazi vya okidi za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria huchimbwa na kusagwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho kinaka au chikanda, kipendwacho sana Zambia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vinavyovushwa mpakani kutoka Nyanda za Juu Kusini vilikuwa mamilioni kwa mwaka, pengine kufikia milioni nne. Okidi ya namna hii hutumia kiazi cha mwaka uliopita kutoa shina na ua, na wakati huo huo hutengeneza kiazi kipya cha mwaka ujao. Shina likivunjwa na kiatu kabla ya kazi hiyo kwisha, kiazi kipya huwa kidogo, na huenda mwaka ujao pasiwe na ua. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, wala haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa aina inayofaa udongoni. Ua lililokanyagwa halirudishwi kwa kupanda jingine.

Kwa kamera hakuna sababu ya kukanyaga. Mtoto akiketishwa kwenye njia, na mpiga picha akainama upande wa pili wa maua huku ameielekeza lenzi kupitia juu yake, picha itamwonyesha mtoto aliyezama katika maua ambayo hajayagusa. Ndani ya hifadhi kuchuma ni marufuku. Nje yake hakuna faida, kwa kuwa ua la porini lililochumwa hunyauka mkononi mwa mtoto kabla fungu la pili la picha halijapigwa.

Simu nyingi huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Picha ya okidi adimu ikisambazwa ikiwa na alama hiyo huwa ni ramani kwa mchimbaji; na picha ya mtoto huwa ni ramani kwa mtu asiyejulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Alama hiyo huweza kuzimwa kabla ya picha kutumwa.

Kwa matumizi ya nyumbani lakini, mahali na tarehe visipotee. Adolf Stolz, mmisionari wa Moravian aliyeishi Kyimbila karibu na Tukuyu mwanzoni mwa karne ya ishirini, alikusanya maelfu ya mimea ya milima hii, na mwaka 1915 Rudolf Schlechter aliipa jenasi nzima ya okidi ndogo jina la Stolzia kwa heshima yake. Wanabotania huirudia mimea hiyo hata leo kwa sababu kila kielelezo kina karatasi inayosema kilichumwa wapi na lini. Picha ya mtoto mmoja, iliyopigwa kando ya kinamasi kile kile kila mwaka na kuandikwa nyuma kwa penseli kijiji, siku na mwezi, ina taarifa ya aina hiyo hiyo: kimo cha mtoto kikilinganishwa na shina la jirani yake, na wiki ambayo mayungiyungi yalifunguka. Penseli ni bora kuliko wino, kwa kuwa unyevu wa Kyela huyeyusha wino na kuupitisha upande wa pili, kwenye uso.